Kitenzi Piga na Mwanafunzi Msemaji wa Kichina: Uhakiki wa Orodha za Nahau

Kitenzi piga ni miongoni mwa vitenzi vya Kiswahili vinavyotumika mno na kufundishwa vibaya mno. Katika madarasa ya Kiswahili kwa wageni, yawe ya katikati ya jiji la Nairobi karibu na University Way au ya faragha huko Kilimani, Lavington na Westlands, mwanafunzi hukutana nacho kwanza katika maana ya kugonga kwa mkono au kwa fimbo. Wiki kadhaa baadaye hukabidhiwa karatasi yenye orodha: piga simu, piga picha, piga pasi, piga deki, piga kura, piga magoti, piga chafya, piga hodi, piga marufuku. Huambiwa kwamba hizo ni nahau, na kwamba nahau haina budi kukaririwa. Mwalimu huendelea na somo jingine. Mwanafunzi hubaki na karatasi.

Makala haya yanaihakiki karatasi hiyo pamoja na mazoea ya kamusi yaliyoizaa, na yanafanya hivyo kwa kumtazama mwanafunzi wa aina moja tu: yule ambaye lugha yake ya kwanza ni Kichina, yaani Kichina sanifu kiitwacho Kimandarini. Sababu ya kumteua huyu si wingi wake peke yake, ingawa apitaye Kilimani akaona mikahawa na maduka ya vyakula yenye maandishi ya Kichina hatauliza wasemaji hao wako wapi. Sababu kubwa ni kwamba mwanafunzi huyu huja darasani akiwa tayari na kitenzi cha namna ile ile. Kichina kina kitenzi dǎ, ambacho maana yake ya kwanza ni kupiga, nacho kimetanda katika lugha hiyo kama piga kilivyotanda katika Kiswahili. Mchina apigaye simu husema dǎ diànhuà; apigaye ngoma, dǎ gǔ; apigaye chafya, dǎ pēntì; apigaye miayo, dǎ hāqian; apigaye fundo, dǎ jié. Radi ikipiga, husema dǎ léi. Katika mambo hayo sita, Kiingereza hukubaliana na lugha hizi mbili kwenye ngoma, na pengine kwenye radi, basi.

Lakini ni kwa njia ya Kiingereza ndiko lugha hizi mbili hukutanishwa. Vitabu vingi vya kumfundishia mgeni Kiswahili vimeandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa Kichina wa Nairobi, awe mhandisi, mwanahabari au mfanyabiashara, hulazimika kupita huko. Huko hukuta kwamba simu hutengenezwa, picha huchukuliwa, na meno husuguliwa. Kila kifungu kina kitenzi chake, na ule undugu wa vifungu vya piga hupotea njiani. Ndipo msemaji wa lugha ambayo simu hupigwa hurudi na kusema kwamba anataka "kufanya simu". Haya yanafanana na kisa cha majirani wawili wanaozungumza kwa kupitia mkalimani asiyeijua mila wanayoishiriki wote wawili.

Wala ujirani huo si wa jana. Idhaa ya Kiswahili ya Radio Peking ilianza kutangaza mwaka 1961, na mwaka 2006 mrithi wake, China Radio International, alianza kusikika Nairobi katika masafa ya FM. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius mwaka 2005, ya kwanza barani Afrika, ambamo Wakenya hujifunza Kichina. Mkenya huyo naye hukutana na dǎ, naye pia mara nyingi hufasiriwa kwa Kiingereza kitenzi ambacho mama yake alimfundisha kukitumia kabla hajaota meno yote.

Kosa la karatasi ile si kwamba ina maneno ya uongo. Kosa lake ni kudai kwamba hakuna kanuni. Dai hilo lina sura mbili. Sura ya kwanza ni ya kamusi: kamusi huanza na maana ya kugonga, kisha hupanga vifungu kimoja baada ya kingine, kana kwamba piga pasi na piga kofi zimekutana ukurasa mmoja kwa bahati tu. Sura ya pili ni ya baadhi ya wanaisimu, wasemao kwamba katika vifungu hivi piga ni kitenzi kitupu, gamba lisilo na maana, na kwamba maana yote imo katika nomino inayokifuata. Wote wawili humwambia mwanafunzi jambo lile lile: kariri.

Ni haki kusema kwamba kamusi za zamani zilikwisha dokeza zaidi ya hapo. A. C. Madan, katika kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza ya mwaka 1903, aliona kwamba piga hubeba wazo la tendo la ghafla, la nguvu au lenye athari ya kuonekana, na kwamba kusema hivyo huchangamsha maelezo. Walimu waliokuja baadaye waliichukua orodha wakaliacha dokezo. Hata hivyo dokezo lenyewe halitoshi. Kupiga pasi si tendo la ghafla. Aliyewahi kunyoosha sare za watoto watatu Jumapili jioni anajua. Kupiga deki hakuna nguvu za kutisha, wala kupiga mswaki. Ikiwa kuna kanuni, haina budi kutafutwa kwingine, na mahali pa kuitafutia ni katika sarufi.

Tazama sentensi hii: Mama alimpiga mtoto kofi. Kitenzi kina yambwa mbili. Mtoto ndiye anayepokea. Kofi ndilo linalomfikia. Hakuna anayeiita sentensi hiyo nahau. Sasa tazama hizi: Alizipiga nguo pasi. Aliipiga sakafu deki. Fundi aliupiga ukuta rangi. Karani aliipiga barua muhuri. Seremala aliupiga ubao randa. Umbo ni lile lile. Nguo, sakafu, ukuta, barua na ubao zinapokea, kama mtoto. Pasi, deki, rangi, muhuri na randa vinazifikia, kama kofi. Zikitiwa katika kauli ya kutendwa, zote huitikia namna moja: mtoto amepigwa kofi, nguo zimepigwa pasi, ukuta umepigwa rangi. Kinachoitwa nahau, kumbe, ni sarufi ya kofi ikiendelea na kazi yake mahali ambapo hapana ugomvi.

Kanuni hii huenda mbali kuliko vyombo vya nyumbani. Alimpiga risasi, alimpiga chenga, alimpiga jeki, alimpiga picha. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliipiga marufuku mifuko ya plastiki, na mifuko ikapigwa marufuku. Nyumba ya mwenye deni hupigwa mnada. Gari la aliyeishiwa hupigwa bei. Mgombea hupigwa vita na wapinzani wake. Hata kifungu ambacho vitabu vya shule hukitaja kama mfano wa nahau isiyochambulika, kupiga moyo konde, kimo humu humu: konde ni ngumi, na moyo ndio unaoipokea. Ajuaye neno konde hahitaji kukariri chochote. Asiyelijua, na wengi wa wanafunzi wa Nairobi hawalijui, haambiwi.

Kwa upande wa pili kuna vifungu ambavyo nomino ya pili haimfikii mtu kwa kumgusa, bali tendo hutoka kwa mtendaji likaenda kwake au likafanywa kwa ajili yake. Hapa Kiswahili hudai kauli ya kutendea. Nilimpigia simu. Nilimpigia kura. Walimpigia makofi. Askari alimpigia saluti. Alimpigia mganga magoti. Mganga naye akampigia ramli. Msemaji wa Kiswahili hawezi kusema "nilimpiga simu" ila awe ameshika chombo chenyewe akamtwanga nacho, na hapo sentensi itakuwa sahihi kabisa, kwa kuwa simu imegeuka kofi. Kwa hiyo mpaka baina ya kumpiga na kumpigia si mapambo ya mnyambuliko. Ndio uti wa mgongo wa matumizi yote ya kitenzi hiki. Karatasi ya orodha, inayoandika "piga simu" na "piga picha" mstari mmoja juu ya mwingine, huufuta mpaka huo kabla mwanafunzi hajaona kwamba upo.

Hasara ya kuufuta huonekana upesi. Msimamizi wa ujenzi amwambiaye fundi wake, "Kesho asubuhi nipige," amekusudia simu. Fundi atacheka, na kicheko kitasimuliwa kwenye kibanda cha chai kwa juma zima. Kosa hili hufanywa na wageni wa kila lugha, lakini mwanafunzi wa Kichina ndiye asiyestahili kulifanya, maana lugha yake inautofautisha mpaka huo huo kwa uangavu. Dǎ wǒ ni nipige. Dǎ gěi wǒ ni nipigie. Neno gěi, ambalo peke yake ni kitenzi cha kutoa au kumpa mtu, hufanya hapa kazi ambayo Kiswahili hukipa kiambishi cha kutendea. Mwalimu ajuaye hayo angelimaliza somo la nipige na nipigie kwa dakika tano. Mwalimu asiyejua hutumia saa nzima akieleza, kwa Kiingereza, jambo ambalo Kiingereza hakina.

Lakini daraja hilo hilo lina ubao mbovu, na hapa ndipo uhakiki unapaswa kuwa makini, kwa sababu mfanano wa lugha mbili huwapendeza wanaisimu hata ukawapofusha. Katika mapigo ya kweli Kichina huenda sambamba na Kiswahili: dǎ le tā yì quán ni nilimpiga ngumi, yambwa mbili kwa mbili. Kikitoka kwenye mapigo, hugeuka. Kwa picha hakitumii dǎ. Hutumia kitenzi kingine, kama pāi, ambacho maana yake ya asili ni kupiga kwa kiganja. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mtu apigwaye picha huweza kutanguliwa na gěi, yule yule wa nipigie. Kadhalika sindano: kumdunga mtu sindano ni gěi tā dǎ zhēn. Matokeo yake yanaweza kutabiriwa kabla mwanafunzi hajafungua kinywa: atasema "nilimpigia picha" akikusudia nilimpiga picha, na "daktari alimpigia sindano" akikusudia kwamba sindano ilimwingia mgonjwa mwenyewe. Sentensi zote mbili ni Kiswahili safi, na hiyo ndiyo hatari yake. Ya kwanza ina maana kwamba picha ilipigwa kwa niaba yake, pengine ya mtu mwingine kabisa. Ya pili humwacha msikilizaji akijiuliza ni nani aliyedungwa. Mwanafunzi aliyefunzwa kwa Kiingereza halifanyi kosa hili kwa sababu hiyo. Karatasi moja kwa wanafunzi wote haiwezi kulitarajia.

Pana tawi jingine la dǎ ambalo piga halina. Kichina hukitumia kitenzi hiki kwa kupata kitu na kukileta: kuvua samaki ni dǎ yú, kuteka maji ni dǎ shuǐ, kuchota chakula kwenye bwalo ni dǎ fàn. Kushika mwavuli uliofunguliwa ni dǎ sǎn, na siku hizi kutafuta teksi ni dǎ chē. Mwanafunzi akiyahamisha haya, samaki watapigwa, mwavuli utapigwa, na teksi pia. Msikilizaji wa Nairobi atayafumbua hayo kwa subira. Maji ndiyo yenye balaa, kwa kuwa "kupiga maji" katika Kiswahili cha mazungumzo ni kunywa pombe. Bibi mwenye heshima zake anayeishi Kileleshwa akimweleza jirani kwamba mumewe ametoka asubuhi kwenda kupiga maji kwa sababu mfereji umekauka, atakuwa ametoa habari ambazo hakuzikusudia.

Wachina wenyewe wameligombea tawi hili kwa muda mrefu. Katika karne ya 11 Ouyang Xiu, mwandishi na mtumishi mkuu wa serikali wa enzi ya Song, alilalamika katika kitabu chake Guitian lu kwamba watu wa zama zake, waungwana kwa watu wa chini, walikuwa wamekiharibu kitenzi dǎ kwa kukitia kila mahali. Na miongoni mwa mifano iliyomkera ni hiyo hiyo ya samaki, maji, chakula na mwavuli. Yeye alitaka dǎ ibaki na maana ya kupiga. Mapema katika karne ya 20 Liu Bannong naye alikitania kitenzi hicho akikikusanyia mifano tele. Malalamiko ya Ouyang Xiu hayakupunguza hata kifungu kimoja: samaki wa China bado "hupigwa".

Habari hizo zina faida kwa Nairobi, ambako hawakosekani wakosoaji wanaolalamika kwamba vijana wamekichakaza kitenzi piga kwa kusema kupiga luku, kupiga stori, kupiga sherehe, kupiga skrinishoti. Si lazima mtu avipende vifungu hivyo ili aone vinavyothibitisha. Hakuna kamusi iliyowafundisha vijana wa jiji kwamba ujumbe wa simu hupigwa skrinishoti bali rafiki hupigiwa stori. Hakuna mwalimu aliyewapa karatasi. Hata hivyo neno geni likiingia mjini leo hujipanga lenyewe upande wa kumpiga au upande wa kumpigia, na wasemaji hukubaliana bila kikao. Kama piga kingekuwa gamba tupu, au kama vifungu vyake vingekuwa nahau za kukaririwa kimoja kimoja, mpangilio huo usingewezekana. Nahau haizai, kanuni huzaa. Hilo ndilo jibu kwa wanaodai kwamba kitenzi hiki hakina maana: wakauliziwe kwenye majengo yanayoinuka Kilimani, ambako fundi na msimamizi wake Mchina husikilizana juu ya ukuta uliopigwa plasta na usiopigwa.

Ikiwa kuna uchakavu wa kusikitikiwa, basi ni ule unaotoka upande mwingine. Wapiga picha wa uwanja wa KICC bado huitwa wapiga picha, lakini wateja wao wengi sasa huomba "kuchukuliwa" picha, kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno. Si kila mkopo wa namna hii ni hasara. "Kuchukua hatua" umekwisha kaa mahali pake kando ya "kupiga hatua", na lugha imepata tofauti nzuri: achukuaye hatua ameamua kutenda, apigaye hatua amesogea mbele. Huko ni kutajirika. "Kuchukua picha" hakuleti tofauti yoyote, na juu ya hayo hugongana na maana iliyopo tayari, ya kuiokota picha mezani na kuondoka nayo. Cha ajabu ni kwamba mwanafunzi wa Kichina, ambaye kwake picha hupigwa kwa kiganja, angeufikia msemo wa Kiswahili kwa wepesi kuliko mkazi huyo wa Nairobi, lau angeachwa aufuate mkondo wa lugha yake.

Kamusi ifanye nini, basi? Ingizo la piga lingeweza kuanza na alimpiga mtoto kofi, likaweka chini yake pasi, deki, rangi, muhuri, risasi, picha, chenga, marufuku, mnada na konde, kila kimoja kikiwa na sentensi yenye mpokeaji wake. Fungu la pili lingeanza na nilimpigia simu, likachukua kura, makofi, saluti, ramli, kelele na stori. Fungu la tatu lingekuwa la sauti na mitikiso ya mwili isiyohitaji mpokeaji, kama vile chafya, miayo na mluzi, ambako mwanafunzi wa Kichina atajikuta nyumbani kwa sehemu kubwa. Sindano ingehitaji maelezo ya pekee, kwa kuwa Wakenya wengi huidunga na Watanzania wengi huichoma, hata kama kupiga sindano nako husikika. Kamusi iliyokusudiwa Wachina ingeongeza onyo juu ya gěi penye picha, na jingine juu ya maji.

Vitabaki vifungu vilivyokataa kuingia popote. Kupiga kambi na kupiga mbizi havina mpokeaji wala havitoi sauti, na kuvilazimisha katika fungu lolote kungekuwa kurudia kosa la orodha kwa jina jipya. Kupiga foleni ni kama hivyo. Hapo Kichina hakimsaidii mwanafunzi na kitenzi dǎ, maana husema pái duì, yaani kupanga safu. Lakini mgeni atakayesimama kwenye kituo cha basi cha katikati ya jiji akasema kwamba watu "wamepanga foleni" hatachekwa na yeyote. Nairobi yenyewe husema hivyo.